Desemba hii nani hatashuka kwenye basi?

Kama mvua ilikukuta njiani bila mwavuli basi pole sana, ndo msimu wenyewe. Huku kwetu Lizaboni, Songea, tope limeshaanza kung'ang'ania ndala, maembe yamejaa kwenye meza za kina mama barabarani, na ulanzi nao unakuja taratibu. Wale mlionitumia meseji kuhusu mada ya wiki iliyopita, ile ya kuazimana viatu vya kutokea, nimezisoma zote na nimecheka mpaka basi. Ila leo tuyaweke kando hayo. Leo nataka tuongelee safari za Desemba, na mtu mmoja ambaye kila mwaka anakata tiketi halafu haonekani stendi.

Ukitaka kujua Desemba imefika huku kwetu, usiangalie kalenda, nenda stendi. Basi moja likifunguliwa mlango wanashuka watu kama wanatoroka njaa: mabegi ya shangazi kaja, televisheni imefungwa kwenye blanketi, mtoto amelala begani, na kijana wa Dar amevaa miwani ya jua saa tatu ya usiku! Siwacheki, safari yenyewe si mchezo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ni karibu kilometa 950. Unaondoka alfajiri, unapita Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi ukiangalia twiga dirishani bila kiingilio, unanunua vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, unapanda Kitonga roho mkononi. Ukifika Iringa watani zetu Wahehe wanaanza maneno yao, kwamba Wangoni mnarudi kwenu mmeshiba nini huko mjini. Na wewe unawajibu, maana utani huu tumeurithi kutoka kwa mababu waliopigana vita karne ya 19 mpaka wakachoka. Ukifika Makambako unaiacha barabara kuu ya Zambia, unakata kushoto. Njombe baridi inakupokea, unashuka miteremko ya Lukumburu, unapita Madaba, halafu ndo unaanza kunusa nyumbani.

Si unajua sisi Wangoni safari tunayo kwenye damu? Mababu zetu walitoka huko kwa Wazulu, Afrika Kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakahama na kuhama miaka na miaka mpaka wakafika huku. Sasa mtu ambaye ukoo wake umetembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini, atashindwa kupanda basi kutoka Mbezi?

Na raha za likizo huku zipo, usidhani bata wanaliwa Dar tu. Asubuhi unasaidia shamba kidogo, maana Desemba ni mwezi wa mahindi na hakuna mzazi wa Songea atakayekuacha ulale mpaka saa nne wakati mbegu ipo ndani. Mchana unalala. Jioni unapita kijiweni kuonyesha simu mpya. Na kama mfuko unaruhusu, mnachanga hela ya mafuta mnateremka Ziwa Nyasa. Kutoka Songea mpaka Mbinga ni kilometa kama 100, halafu Mbinga mpaka Mbamba Bay ni 66, na siku hizi ni lami. Unapita kwenye milima ya Wamatengo, unaona mashamba yao ya ngoro yalivyochimbwa kama masega ya nyuki, kahawa huku na huku, ghafla mbele yako ziwa hilo limelala. We acha tu! Mchanga, maji ya uvuguvugu, mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo. Waliokwenda Zanzibar waende, sisi na Mbamba Bay yetu.

SWALI LA BABA MKUBWA

Sasa kuna jambo moja linalomsubiri kila kijana anayeshuka kwenye hilo basi. Halina kiingilio wala halikwepeki. Utasalimiwa, utapewa kiti, utaletewa maji ya kunawa, utakula, halafu baba mkubwa atajikohoza kidogo aseme: "Enhe, mwanangu. Sasa mkamwana tunaletewa lini?"

Wengi wetu tunacheka. Unasema "Mwakani baba, maisha magumu," shangazi anadakia kwamba yeye ana binti wa watu amemwona kanisani, wote mnacheka, mnaendelea na nyama. Wiki inaisha, unarudi ulikotoka. Kwako lile swali lilikuwa kama chumvi ya mazungumzo.

Lakini yupo kijana ambaye lile swali kwake ni kitu kingine kabisa. Ni mshikaji wangu, tulisoma naye sekondari hapa hapa Songea. Jina silitaji wala mtaa wake sitauweka hapa. Nimempigia simu kumwomba ruhusa, karuhusu, na mawili matatu nimeyabadilisha ili asijulikane. Huyu bwana anapenda wanaume. Ndivyo alivyo, na amejijua hivyo tangu tukiwa tunavaa kaptura.

Aliniambia mwenyewe, Mbamba Bay, Desemba moja tulipochanga mafuta na kuteremka ziwani. Kutwa nzima alikuwa kwenye maji na wadogo zake, anawafundisha kuogelea, anawabeba mgongoni, anapiga kelele kama mtoto. Jioni wadogo zake wakaenda kutazama mganda, ile ngoma ya kina baba wa huko Nyasa ya kujipanga mistari, sisi tukabaki na mbasa wetu. Akanieleza. Alipomaliza akaniangalia kama mtu anayesubiri kofi. Nikamuuliza kama anamaliza samaki wake au nimsaidie. Akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sijui kipi kilitangulia. Tangu siku hiyo urafiki wetu ni ule ule, ananidai elfu ishirini na mimi namdai koti.

Mwaka uliofuata alirudi tena Krismasi. Safari hii baba mkubwa hakuuliza kwa utani. Kulikuwa na jirani aliyekuwa amenong'ona jambo, na manong'ono ya mtaani mnayajua, yanatembea kuliko bodaboda. Kikaitishwa kikao cha ukoo, usiku, watoto wakaambiwa wakalale. Akaulizwa mbele ya wazee saba. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaambiwa aje na mchumba mwakani, asipokuja naye asije. Kesho yake alfajiri akapanda basi.

Kuanzia hapo Krismasi tatu zimepita. Hela anatuma. Mbolea ya shamba anachangia, ada ya mdogo wake analipa yeye. Yeye mwenyewe haji. Mwaka jana alikata tiketi kabisa, akafika mpaka Makambako, akashuka, akageuza. "Kaka," aliniambia, "kila nikifika Makambako tumbo linaanza kuuma. Dar mimi ni mtu. Jumapili nakwenda Coco Beach nakula muhogo na mishikaki, nacheka na watu, natazama bahari. Nyumbani naishi kama mgeni aliyekuja na barua ya mtu mwingine."

Hebu fikiria. Mtu anatumia nauli kwenda kushuka njia panda!

NENO LENYEWE NA SHERIA YENYEWE

Najua wapo watakaoshtuka kuona mada hii kwenye safu ya starehe. Wapo pia watakaosema mwandishi huyu leo kavuta nini. Ngoja nieleze taratibu.

Kwanza neno. Huku bara ukimwita mwanaume "shoga" umemtukana. Lakini ukienda pwani, Zanzibar, Mombasa au Lamu, utasikia mama wa watu anamwita rafiki yake wa kike "shoga yangu" na wanakwenda pamoja harusini wakicheka. Ni neno la mapenzi ya rafiki kwa rafiki. Sisi tukalichukua tukalifanya jiwe. Yale mengine tunayoyatumia vijiweni hata mhariri wangu hatayapitisha.

Pili sheria. Sitaki mtu adanganyike. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kosa la namna hii ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30. Msingi wa kifungu hicho uliwekwa wakati wa Mwingereza, Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, na adhabu ikakazwa mwaka 1998 tulipotunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Wakenya wanacho kifungu chao cha 162, miaka 14. Waganda walitunga sheria kali mwaka 2023 ambayo kwa baadhi ya makosa inafika mpaka kunyongwa. Kwa hiyo mshikaji wangu anapoogopa, haogopi kivuli.

Mnakumbuka Oktoba 2018? Paul Makonda, wakati huo akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kamati ya kuwasaka watu hawa na akaomba wananchi wampelekee majina. Mshikaji wangu ndo alikuwa mgeni mjini. Alizima simu, akafuta namba zote, akalala kwa watu wiki nzima. Mwanzoni mwa Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba yale ni mawazo binafsi ya mkuu wa mkoa, si msimamo wa serikali. Tamko lilitoka, lakini hofu ikiingia ndani haitoki kwa tamko.

Sheria nimeitaja ili ujue uzito. Ila leo sijaja kubishana na mahakama wala na msikiti wala kanisa. Nimekuja kuuliza jambo dogo la nyumbani: hivi mtoto asiporudi, anayepoteza ni nani?

KIJANA WA NAKURU NA MAMA YAKE

Kuna mwandishi mmoja wa Kenya aliitwa Binyavanga Wainaina. Kama hujawahi kumsikia, msikie leo. Alizaliwa Nakuru tarehe 18 Januari 1971. Baba Mkenya, mama Mganda kutoka Kisoro, kule pembeni kabisa Uganda inakopakana na Rwanda na Kongo. Mwaka 1991 akaenda kusoma Afrika Kusini, Transkei. Shule haikwenda vizuri, makaratasi ya ukaazi nayo yakamsumbua, akawa mtu wa kujifungia chumbani na vitabu.

Mwaka 1995 akarudi nyumbani likizo. Mwisho wa mwaka huo ukoo wa mama yake ukakusanyika Kisoro kusherehekea ndoa ya babu na bibi, wazee waliokaa pamoja miaka mingi sana. Watu wakatoka kila upande, wengine ng'ambo, wengine mpakani tu hapo. Mnaijua hiyo mikusanyiko: binamu hamjuani, lugha tatu kwenye sahani moja, magodoro mpaka sebuleni. Binyavanga akaandika habari za safari ile ya kurudi nyumbani, akaiita "Discovering Home", na mwaka 2002 ikampa Tuzo ya Caine, ambayo kwa waandishi wa Afrika ni kombe kubwa. Kwa hela na jina alilopata, yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? Nairobi mwaka 2003.

Kwa hiyo huyu jamaa ngazi yake ya kwanza ilikuwa safari ya likizo, tena ya kwenda kwa bibi! Safari kama hizi zetu za Desemba. Lakini kuna kitu kimoja hakukiweka kwenye masimulizi yale. Begi moja hakulifungua.

Baada ya safari ile akarudi Afrika Kusini. Mama yake, Rosemary, alikuwa mgonjwa wa kisukari. Julai 2000 mama akafariki Kenya, mwanawe yuko Afrika Kusini, makaratasi hayajakaa sawa, na walikuwa hawajaonana kwa karibu miaka mitano. Baba yake, Job, akafariki mwaka 2011. Wazazi wote wawili wakaenda bila yeye kuwaambia.

Januari 2014, siku anatimiza miaka 43, Binyavanga akachapisha maandishi mafupi anayomwambia marehemu mama yake kwamba yeye ni mtu anayependa wanaume. Ndani yake anajifanya kama aliwahi. Kama alipanda ndege, akafika hospitali, akamkuta mama anapumua, akamnong'oneza. Halafu anageuka na kumweleza msomaji kwamba haikuwa hivyo, hakuwahi. Nilivyosoma mara ya kwanza niliweka simu chini nikatoka nje kutazama mvua.

Dunia nzima ikamjadili. Mwaka ule ule jarida la Time la Marekani likamweka kwenye orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi. Kwao Kenya wapo waliomtukana na wapo waliomkumbatia, na yeye akabaki Nairobi anatembea barabarani na nywele zake za rangi. Tarehe 1 Desemba 2016, Siku ya Ukimwi Duniani, akasema hadharani kwamba anaishi na virusi na anaishi kwa furaha. Akapata kiharusi, akaugua, na tarehe 21 Mei 2019 akafariki Nairobi akiwa na miaka 48. Siku tatu baadaye, tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ya Kenya ikakataa kukifuta kile kifungu cha 162.

Watu wanambishania Binyavanga kwa mengi. Mimi nakumbuka moja tu. Mtu mwenye kipaji kile, aliyeweza kuandika habari za mwisho wa dunia, kitu alichotamani kuliko vyote ni dakika tano kando ya kitanda cha mama yake. Na hizo dakika tano hela haikununua, tuzo haikununua.

NA YULE WA UNGUJA

Mwingine mnamjua kwa sauti hata kama hamjui habari zake. Yule mwimbaji wa bendi ya Queen, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi, baba yake karani wa fedha wa serikali. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa bweni India, Panchgani, safari ya meli. Mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Feltham, jirani na London, yeye ana miaka 17. Huko ndiko alikopata jina. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana Ukimwi, kesho yake akafariki, umri miaka 45.

Sasa sikia. Mwaka 2006 pale Unguja ilipangwa sherehe ya kukumbuka siku yake ya kuzaliwa, angefikisha miaka 60. Kikundi cha Uamsho kikapinga, kikasema mtu yule anaitia kisiwa aibu, sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 Mji Mkongwe ukafunguliwa makumbusho yake, na watalii wanakwenda kupiga picha mlangoni na kulipa kiingilio. Yaani mtoto huyo huyo, sherehe yake hapana, kiingilio chake ndiyo!

Usicheke Wazanzibari. Na sisi huku tunafanya hivyo hivyo. Mbolea ya mshikaji wangu ipo shambani hivi sasa, mahindi yanaota. Ada ya mdogo wake imelipwa. Pesa yake inaingia nyumbani kupitia simu bila kubisha hodi, yeye ndo hodi yake imekataliwa.

BIBI ANASEMAJE

Katika ukoo ule mmoja tu hakuingia kwenye kile kikao. Ni bibi yake, mzaa baba. Alikuwa jikoni, moto wake, sufuria yake. Mjukuu alipokuwa anaondoka alfajiri bibi akamfungashia mahindi ya kuchoma na karanga, akamwambia: "Mimi nilichouliza ni kama umekula. Hayo mengine wamekuuliza wao." Basi.

Bibi huyo sasa haoni vizuri na miguu imevimba. Wiki mbili zilizopita nilipita kumsalimia, nikakaa naye kizingitini. Hakuuliza habari za mchumba wa mtu. Aliniuliza kama basi za Dar bado zinapita Makambako. Nikamwambia ndiyo bibi, zinapita. Akasema, "Basi njia ipo."

Nimempigia mshikaji wangu nikampa maneno hayo neno kwa neno. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

SASA TUFANYEJE?

Kama ilivyo desturi ya safu hii, siwezi kukuacha hewani. Nina machache.

Kwa wazazi, kina shangazi na baba wakubwa. Shikamooni. Mimi ni mdogo, siwafundishi kulea. Ila kikao cha wazee saba kumzunguka kijana mmoja usiku hakijawahi kubadilisha mtu, kimebadilisha tu anwani yake. Kumpokea mtoto si kutia saini kwamba umekubali kila kitu chake. Wapo watoto walevi tunawapokea. Wapo waliokula hela ya mirathi na Krismasi wanapewa paja la kuku. Huyu ambaye hajamwibia mtu kuku wala sufuria, kwa nini yeye ndo afungiwe mlango? Lile swali la mkamwana liwekeni kando mwaka mmoja tu, mwone mtapata mazungumzo gani mengine. Muulizeni kazi, afya, analala wapi, anakula nini. Mtashangaa hamumjui mtoto wenu.

Kwa masela wenzangu wa kijiweni. Siri ya mtu si stori ya kupigia soga. Meseji za mtu, picha za mtu, jina la mtu usilirushe kwenye magrupu. Umeshasoma hapo juu sheria ilivyo, kwa hiyo unapolirusha jina ujue unarusha nini. Na wale wajanja wanaojifanya marafiki, wakishajua siri wanaanza "tuma laki la sivyo nasema kwenu", huo ni wizi wa kutumia mdomo. Hela ya namna hiyo ukinunulia jezi, jezi hiyo ina laana. Mshikaji akikuamini na jambo lake, ukikosa la kusema mmalizie samaki wake.

Kwa dada zetu. Msikubali kuingizwa kwenye mkumbo wa "oa tu, itakwisha yenyewe". Anayepelekwa madhabahuni kama dawa ni wewe. Mnamwoza kijana kwa lazima, mnatengeneza watu wawili wasio na furaha na watoto wanaosikiliza ukimya wa wazazi usiku. Ukoo utakula pilau siku moja, wewe utakaa humo miaka arobaini.

Na kwako wewe uliye kama mshikaji wangu, unayesoma hapa ukiwa umelikunja gazeti ili wa siti ya pembeni asione. Sitakuambia utangaze. Binyavanga alitangaza akiwa na miaka 43, na jina linalojulikana dunia nzima, na bado alitukanwa. Wewe una chumba cha kupanga na bosi mwenye maneno. Usalama wako kwanza. Siri ni mali yako, uifungue kwa unayemwamini, au usiifungue kabisa, hudaiwi. Kama nyumbani kuna hatari ya kupigwa au kupelekwa pabaya, usiende, tuma salamu. Lakini kama kuna hata mtu mmoja kwenye ukoo anayeuliza kama umekula, nenda kwa huyo. Si lazima ukae wiki mbili. Siku tatu zinatosha. Fikia kwa rafiki, msalimie bibi mchana, saidia kupanda mistari miwili ya mahindi, ondoka. Dakika tano za kizingitini alizozikosa yule wa Nakuru, wewe bado unazo.

Mimi nimemwambia mshikaji wangu godoro lipo kwangu na funguo atazikuta kwa mama muuza maembe. Kina mdogo wake wameshasikia tetesi kwamba tunachanga mafuta ya Mbamba Bay tarehe 27, wanauliza kila siku kama kaka yao yupo kwenye hesabu. Nimewaambia siti moja haijajazwa. Sijui kama atashuka Makambako au atashuka Songea, na sitaki kumlazimisha, maana tumbo linalouma ni lake.

Kwa leo naishia hapa. Wenye maoni nitumieni, wenye matusi pia tumeni, nitasoma ila sitajibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu: nimeahidi kuwaeleza jinsi ya kutokea Mkesha wa Mwaka Mpya na hela ya nauli ikabaki. Abiria wote wa njia ya kusini, safari njema, na dereva wako akikimbiza sana paza sauti, usiogope kuitwa mshamba.

Wasalaam, kutoka Lizaboni.